Punje Moja, Matundu Matano

Siku ya kwanza kazini nilifika kabla ya mlango kuamka. Karakana ya klabu yetu ya shabaha pale Igamba ilifunguliwa saa mbili, mimi saa kumi na mbili na nusu nimeshasimama nje, ukungu umenilowesha mpaka nafanana na kuku aliyenyeshewa. Nilikuwa nimevaa koti la baba, mikono yake imepitiliza vidole vyangu. Fundi Mkuu alipokuja, mzee mfupi wa Kinyiha anayetembea kama anapima barabara, alinitazama, akalitazama koti, akauliza, "Humo ndani kuna mtu?"

"Nipo, Fundi."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha pili, nusu."

"Nusu ya kidato, au nusu ya pili?"

Kuanzia asubuhi ile jina langu likawa Nusu, na lile nililobatizwa likabaki kanisani. Mke wangu mwenyewe, Mama Eliya, akikasirika ananiita Nusu. Akifurahi pia ananiita Nusu. Natofautisha kwa sauti tu.

Ndani, Fundi Mkuu alinipa maikromita, kile chombo cha chuma chenye taya mbili na kishikio cha kuzungusha, kinapima vitu vyembamba kuliko unywele. "Pima unywele wako," akaniambia. Mimi nilidhani ni jiriwa ndogo ya kubania chuma. Nikaung'oa unywele, nikauweka, nikakaza kwa nguvu zote za mtoto wa mkulima aliyekula ugali. Mzee alikipokonya kama mtu anayemwokoa mtoto kisimani.

"Hiki ni chombo cha kuuliza," akasema. "Hiki si chombo cha kulazimisha. Ukikikaza kitakujibu unachotaka, na utakuwa umejidanganya mwenyewe."

Nikacheka, maana nilifikiri ni utani. Haukuwa utani. Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, chini ya jua la Galula, watu wote wakiwa wananitazama. Subiri, nitafika huko.

Kwanza niwaeleze vijana kazi yenyewe, maana nikisema nilitengeneza bunduki mnanitazama kama jambazi mstaafu. Bunduki ya shabaha si ya vita wala ya kuwindia. Kwanza ni nzito, ukiibeba kuwindia digidigi utachoka wewe kabla yake. Adui yake ni karatasi. Na zilikuwa za halali kupindukia: kila bunduki ina namba, kila namba ina daftari, na kila daftari lina polisi wake anayekuja kulikagua. Kazi ya bunduki ya shabaha ni moja, kurudia. Ilichofanya mara ya kwanza ikifanye mara ya pili, ya tatu, ya tano, bila kuongeza chumvi. Binadamu hawezi. Mimi kwa mfano sijawahi kusimulia hadithi moja mara mbili ikafanana. Ndiyo maana chuma kinachorudia kilinitia wazimu wa furaha, na wazimu huo haujapona.

Mwaka wa kwanza sikugusa bunduki. Nilipewa vichwa. Kichwa ni ile sehemu ya mbele ya risasi, ndiyo inayosafiri, na sisi vyetu tulivitengeneza kwa mkono. Tunayeyusha madini laini ya risasi, tunamimina kwenye kalibu, kikipoa kinatoka kinang'aa kama jino la mtoto. Halafu ndiyo kazi inaanza. Unakiviringisha juu ya kioo uone kama kinayumba. Unakitazama kitako chake kama kimejaa. Unakiweka kwenye mizani ndogo ya mkono, ile ambayo hata pumzi yako inaielemea. Vyenye uzito sawa vinakaa kisanduku kimoja, kama ndugu. Katika vichwa mia tunavyomimina, arobaini vinarudi chunguni.

Siku moja nimeshapanga ndugu zangu vizuri, visanduku sita, tangu asubuhi. Vumbi la mahindi likanipanda puani. Nikapiga chafya. Mizani ikaruka, visanduku vikamwagika, koo sita zikawa ukoo mmoja. Fundi Mkuu hakuinua kichwa. Akasema tu, "Umewaozesha. Sasa waachanishe."

Na ilikuwepo desturi ya punje. Sijui nani aliianzisha, ila kwa Mbozi yetu ya kahawa usingetegemea kipimo kingine. Mzee alikuwa na punje moja ya kahawa, ya maganda, aliyoitunza kwenye kopo la ugoro. Fundi akitengeneza bunduki yake mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, inapelekwa uwanjani. Inapigwa mara tano, mita hamsini, siku ya mashindano, mbele ya watu. Karatasi inaletwa, mzee anailaza punje juu ya matundu. Punje ikiyafunika yote matano, wewe ni fundi, na unapewa ufunguo wa karakana. Isipofunika, unarudi kwenye kioo na mizani.

Mwaka wangu wa pili nilimletea punje kutoka shambani kwetu, kubwa, nimeichagua kwa siku mbili. Nikamwambia, "Fundi, hiyo ya zamani imesinyaa, labda tubadilishe."

Akaipokea, akaigeuza. "Nusu, ukitaka kipimo kikubwa, leta parachichi kabisa. Tukose wote sababu ya kufanya kazi."

Kabla ya punje ilibidi nitembezwe. Kwanza nikapelekwa Tunduma kutafuta madini ya risasi. Wakati huo foleni ya malori ya kwenda Zambia ilikuwa ndefu kama kawaida yake, na kila penye malori pana mafundi wa matairi, na kila fundi wa matairi ana kopo la vile vipande vidogo vinavyobanwa kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke. Hivyo ndivyo tulivyoyeyusha. Nilikuwa nazunguka na ndoo, nasalimia Kiswahili upande huu, "mulishani" upande ule. Mkuu wangu huko alikuwa Afisa Silaha, mtu mpole wa sauti ila mkali wa kalamu, anayesaini kila kinachoingia na kutoka. Aliikagua ndoo yangu mara ya kwanza, akaokota kipande kimoja, akakiangusha kwenye sakafu. Kikalia ting.

"Hii siyo," akasema. Akaangusha kingine, kikalia dup. "Hii ndiyo. Zinafanana sura, lakini moja ikiingia chunguni inaharibu chungu kizima. Umesoma mpaka wapi?"

"Nusu, Afande."

"Basi tumia masikio."

Nikawa naangusha kipande kimoja kimoja, ndoo nzima, ting, dup, dup, ting, wenye maduka wanadhani nimerogwa. Lakini nilifurahi jamani. Nilikuwa nalala naisikia tofauti.

Kisha nikapelekwa Mbangala, bondeni, misimu miwili, kuhudumia bunduki za askari wa wanyamapori waliokuwa wakifanya mazoezi kambini kwao. Mkuu wa Kambi alikuwa na neno moja tu kwa kila jambo: "Safisha." Bunduki imekosa shabaha, safisha. Bunduki imepiga vizuri, safisha. Siku nilipougua tumbo, alichungulia hemani akasema, "Safisha." Nikanywa maji ya chumvi, nikapona, kwa hiyo siwezi kumlaumu.

Huko Mbangala ndiko nilikoupata ule mti. Mninga. Ulikuwa umekatwa kwa kibali, kipande kimefika kambini, rangi yake kama chai ya maziwa iliyokolea, mistari yake imenyooka kama madaftari ya watoto wa shule ya masista. Nilipouona tu moyo ukanienda mbio. Nikajisemea: hicho ndicho kitako cha bunduki yangu. Kitako, kwa asiyejua, ni ule mwili wa mbao unaobeba mtutu na kuegemea bega la mpigaji. Mkuu wa Kambi alinipa. Aliniambia nikisafishe.

Nikarudi nacho Igamba nikikipakata kama mwali.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na naomba mnisikilize taratibu.

Sheria ya Fundi Mkuu ilikuwa kwamba mbao haichongwi mpaka ilale darini mwa karakana masika mawili na viangazi viwili. "Ijue baridi yetu, ijue joto letu, ichoke kunung'unika, ndipo uichonge." Lakini yeye macho yalikuwa yameanza kufifia. Kila mwezi anasogeza taa karibu zaidi na jiriwa. Uongozi ulikuwa umeshasema kwamba akistaafu bila kumpata wa kumwachia ufunguo, karakana itafungwa, na bunduki zitahudumiwa Mbeya mjini. Mashindano na wenzetu wa ng'ambo ya mpaka yalikuwa baada ya miezi minne. Miezi minne si masika mawili, hata kwa hesabu za nusu.

Nikatafuta njia ya mkato ya kwetu. Mchana nikauanika mti kwenye vitanda vya kahawa, nageuza pamoja na kahawa. Jioni nauweka kwenye uchaga juu ya mafiga, pale Mama Eliya anapohifadhi mbegu za mahindi.

"Baba Eliya," akaniuliza, "tutapanda bunduki msimu huu?"

"Mvumilie mgeni, Mama Eliya."

"Mgeni gani analala jikoni na mimi natoa mbegu zangu?"

Miezi miwili hivyo. Ukakauka. Niliugonga ukalia vizuri, na mimi si mtaalamu wa masikio? Nikauchonga. Nikachonga kwa patasi, kisha kwa tupa, kisha kwa kipande cha chupa iliyovunjika, ambacho kinaparua mbao laini kuliko msasa wowote. Nikaulaza mtutu. Triga, kile kifyatulio, nikaisugua wiki nzima mpaka ikawa inaachia kama kijiti cha kioo kinavyovunjika, bila kuburuza. Vichwa nilimimina mia tatu nikabakiza sitini, ndugu wa tumbo moja.

Lipo jaribio moja kila fundi analifanya mwishoni. Unachukua karatasi nyembamba, unaipitisha kati ya mtutu na kitako, kutoka ncha mpaka ndani. Inatakiwa ipite bila kugusa popote. Mtutu ukipiga unatetemeka kama uzi wa zeze, na mbao ikiugusa, hata kwa unene wa karatasi, wimbo unabadilika. Nilipitisha Igamba. Ilipita kama upepo. Tukapiga Igamba, asubuhi yenye baridi, matundu matano, punje ikafunika. Tukarudia, ikafunika. Nilikimbia kutoka penye karatasi mpaka karakana, mita hamsini zile, nikapitiliza mlango.

Fundi Mkuu alitabasamu kidogo. "Mti ulilala wapi?"

"Ulilala, Fundi," nikasema. Hilo halikuwa jibu. Alilijua si jibu, akaliacha lipite.

Mpigaji wetu alikuwa Sajenti Tusekile, mwanamke wa Ileje, mrefu, mwenye utulivu wa mtu anayesubiri maziwa yachemke. Yalikuwa mashindano yake ya mwisho, alishapewa uhamisho. Alipoipakata bunduki yangu mara ya kwanza alisema, "Fundi Nusu, hii umenitengenezea mimi au umejitengenezea wewe?" Nikamwambia yeye. Akasema, "Haya, tutaona."

Uwanja ulikuwa Galula, bonde lile lile la Mbangala. Bunduki zilisafiri kwenye gari pamoja na polisi na daftari. Fundi Mkuu alikaa mbele. Mimi na sanduku la vifaa hatukupata nafasi, tukapanda pikipiki nyuma ya gari lile lile, nikashuka milima yote nikila vumbi lake. Nilifika mwekundu kama tofali. Fundi wa timu ya ng'ambo, mnene mcheshi, akaniita mzee kwa lugha ya kwao, "Mudala, umechimbwa wapi? Humu wachimbaji ni wa dhahabu, nani kakuokota wewe?"

Joto la Galula mnalijua. Ukitoka Igamba ni kama umetoka kisimani umeingia tanuri. Na mashindano yalikuwa raundi mbili, risasi tano na tano. Zawadi mbuzi, amefungwa pale pembeni anatafuna kamba yake bila wasiwasi.

Sajenti akalala chini, akajiweka. Mimi nimeinamia darubini ya miguu mitatu, naisoma karatasi kwa mbali. Ya kwanza, katikati. Ya pili ikaingia tundu lile lile, nikaona kama haikupigwa. Watu wakaguna. Ya tatu ikagusa ukingo wa yale mawili. Nilikuwa nimeshaanza kuusikia ufunguo mfukoni. Ya nne ikaenda kushoto. Nikafuta darubini. Ya tano ikaenda kushoto zaidi, na juu.

Karatasi ikaletwa. Punje haikufunika hata mazungumzo.

Meneja wa klabu, bwana mmoja anayependa ushindi kuliko chakula, akaja kwa haraka. "Sajenti, mkono umetetemeka. Si ulikuwa na malaria juzi? Ungesema."

"Mkono uko sawa, Bwana Meneja."

"Sasa hii nini? Tatu safi, mbili zimekwenda matembezi. Huo ni uchovu. Raundi ya pili upumzike, atapiga mwingine."

Sajenti akageuza uso taratibu, akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyoitazama karatasi.

Na mimi, fundi mzima, nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Nilijua. Risasi zinazotembea upande mmoja bunduki inapopata joto si mkono wa mtu. Mkono ukichoka hutawanya huku na huko, haupangi safari. Ikaletwa chai na mihogo ya kuchemsha, nikawaachia wenzangu. Nikaichukua bunduki pembeni, polisi wa daftari akinitazama, nikatoa karatasi mfukoni, nikaipitisha kwenye mtutu. Ikaingia kiganja kimoja, ikakwama. Nikavuta, nikarudia taratibu. Ikakwama pale pale, kushoto.

Mti ulikuwa umejipinda. Niliuchonga kwenye ukungu wa Igamba ukiwa umevimba, ukanitii kwa adabu zote. Nimeushusha bondeni ulikozaliwa, ukapata joto lake, ukakumbuka umbo lake. Mafiga ya Mama Eliya yalikausha ngozi tu.

Nikimwambia Meneja, nimeufukuza ufunguo kwa mdomo wangu, na karakana naifunga mimi. Nikinyamaza, Sajenti anaondoka kwetu akiitwa mtu aliyetetemeka. Kutoka pale penye bunduki mpaka kwa Meneja ni hatua kama thelathini. Nilizitembea kama mtu anayekwenda kung'olewa jino na fundi wa baiskeli.

"Bwana Meneja, mkono wa Sajenti ni mzima. Mbovu ni kitako. Nilikichonga kabla hakijalala."

"Hakijalala vipi?"

"Sheria ni masika mawili. Mimi nilikipa miezi miwili, jikoni."

"Jikoni?"

"Juu ya mafiga. Mama Eliya ni shahidi, na anadai nafasi yake."

Yule fundi wa ng'ambo aliangua kicheko mpaka muhogo ukamtoka. Wengine wakafuata. Meneja alikuwa mwekundu kuliko mimi niliyekula vumbi. Fundi Mkuu yeye alikuwa amekaa juu ya sanduku langu la vifaa, ndicho kiti chake popote tulipokwenda, hakucheka wala hakununa. Akasema tu, "Mti nao una kwao. Unafanyaje sasa?"

"Nauparua, Fundi. Kama Mwamuzi ataniruhusu."

Mwamuzi Mkuu akawauliza wenzetu. Yule mnene, akiwa bado anafuta machozi, akasema, "Mwacheni aparue. Tukimfunga akiwa na bunduki ya jikoni, tutasimulia nini nyumbani?"

Nikapewa nusu saa. Nusu nyingine maishani mwangu. Mzee akainuka kwenye sanduku, nikachukua kipande changu cha chupa, yeye akarudi kukaa. Nikautoa mtutu, nikaparua ule upande wa kushoto, pumzi nimeibana, unga wa mninga unaanguka magotini. Napima kwa karatasi, naparua. Hakuna kulazimisha, nauliza tu: hapa? Bado. Hapa? Bado. Jasho linadondoka, nalifuta lisidondokee mbao. Dakika za mwisho karatasi ikapita mpaka ndani. Nikaurudisha mtutu, Sajenti akapiga za majaribio chache kurekebisha darubini ya bunduki, akalala.

"Kaka," akaniambia kabla hajaegemeza shavu, "viatu vimefungwa?"

"Vimefungwa, Afande."

Akapiga. Ya kwanza. Ya pili ndani yake. Ya tatu sikuiona ilikokwenda, kumbe imefuata wenzake. Ya nne, pale pale. Jamani, nimeona watoto wangu wakizaliwa, nimeona kahawa ikichanua kilima kizima kwa siku moja, lakini lile tundu linalokua taratibu bila kuhama, lile sina cha kulifananisha nacho. Ya tano akaichelewesha. Upepo kidogo ukaja. Akasubiri ukapita, akapiga.

Karatasi ikaletwa kwa Fundi Mkuu. Akafungua kopo la ugoro, akailaza punje juu kwa kupapasa. Kisha uso ukabaki umeinamia karatasi. Nikaelewa kwamba haoni. Macho yale yaliyokuwa yanasoma unywele yalikuwa yamebaki ya kutambua watu tu.

"Nusu," akasema kwa sauti ndogo, "imefunika?"

Punje ilikuwa imefunika manne. La tano lilichungulia ukingoni, kama ukucha wa mwezi. Kidole changu kilikuwa karibu kabisa. Ni kusukuma kidogo tu, nani angejua.

"Haikufunika, Fundi. Moja linachungulia."

"Upande gani?"

"Juu, kulia."

"Kulia," akarudia. "Si kushoto tena." Akairudisha punje koponi, akafunga kifuniko.

Tulishindwa kwa pointi mbili, zile zile za raundi ya kwanza. Mbuzi akavuka mpaka na karatasi zake zote za mifugo, mimi nikapanda pikipiki nikala vumbi la kupanda. Sajenti alinishika mkono tu, akaipakata ile karatasi kidogo, akanipa. "Kaa nayo wewe. Mimi nimeshaiona."

Jumapili sikwenda hata kanisani. Sanduku la vifaa nililisukumia chini ya kitanda, sikutaka kulitazama. Mama Eliya alirudisha mbegu zake uchagani akiimba.

Jumatatu nikafika karakana na sanduku langu, ukungu uleule wa siku ya kwanza. Fundi Mkuu amekaa kizingitini, mikono ameificha kotini. Mlango umefungwa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mbona umesimama? Fungua, nakufa baridi."

"Ufunguo si unao wewe?"

"Ningekuwa nao ningekaa nje kama mbwa? Tazama sandukuni kwako."

Nikafungua sanduku. Ulikuwa chini ya tupa, umefungwa kwenye kitambaa cha kusafishia mitutu.

"Umeuweka lini humu?"

"Galula. Uliponiinua kuchukua chupa yako."

Nikapiga hesabu, na mnajua hesabu zangu. "Lakini Fundi, hiyo ni kabla ya raundi ya pili. Punje ulikuwa hujaiweka."

"Nusu," akasema, "mlango."

Nikafungua. Niliufungua mlango ule kila asubuhi kwa miaka mingi sana, mpaka meno ya ufunguo yakalika. Baada ya hapo bunduki zangu zilifunikwa na punje mara nyingi, sitazihesabu, nitaongeza chumvi. Mbao zote zililala masika mawili. Nilipostaafu, ufunguo nilimwachia mwanamama mmoja fundi aliyekuja siku moja mwenyewe, bila kuulizwa, kuniambia vichwa alivyopima wiki nzima virudi chunguni kwa sababu mizani aliiweka karibu na dirisha. Nilimwambia akatazame kwenye sanduku lake.

Sasa nipo nyumbani Igamba. Mikono inatetemeka, kwa hiyo Mama Eliya ananimiminia chai nusu kikombe, anasema inanifaa kwa jina. Karatasi ya Galula nimeitundika sebuleni, na punje ya mzee, aliyoniachia, nimeigandisha juu yake kwa gundi, pale pale alipoilaza yeye. Manne yamefunikwa, la tano linachungulia. Kila mgeni akiketi, akishaeleweshwa, ananishauri vilevile: Mzee, si uisogeze kidogo tu, ifunike yote?

Nawaambia nilishajaribu kabla sijaipaka gundi, tena zaidi ya mara moja. Ukiisogeza ifunike la tano, la kwanza linatoka.